Langu Bado

Mimi si mwigizaji. Mimi ndiye ninunuaye mayai.
Kila Ijumaa, sokoni Kaunas,
kwa mama mwenye glavu zisizo na vidole:
trei ya thelathini, na kumi juu yake,
mabichi, nasisitiza, mabichi,
maana yai la kuchemsha halimtishi mtu.

Mlangoni, ukishakung'uta theluji,
hupewi tiketi. Unapewa yai.
"Lishike mpaka nilidai," Austėja humwambia kila mmoja,
kisha mchezo huanza: mwanamke anahama nyumba,
ana masanduku, ana ngazi, ana kiti cha miguu mitatu,
naye huwaomba watazamaji wamsaidie kubeba.
Hapo ndipo utamu ulipo.
Hebu inua kabati la watu
na mkono mmoja una yai.

Nimeona mengi kutoka nyuma ya pazia.
Mwalimu wa mazoezi alilirusha, akalidaka mara tatu;
la nne alilidaka kwa suruali.
Msichana alilitia kwapani, akaatamia saa nzima
huku akiona haya kama kuku mgeni.
Wapenzi wawili walibadilishana,
wakatoka wakigombana lipi lilikuwa la nani.
Nami nyuma yao na ndoo na tambara:
ute ukishakaukia ubaoni, huo umehamia.

Mwisho wake ni rahisi.
Austėja huweka kikapu katikati ya nyumba mpya,
watu hushuka, kila yai na mwenyewe.
Likiingia la mwisho, nazima taa.
Hiyo ndiyo kazi yangu ya pili.

Usiku ule yaliingia thelathini na tisa.

Safu ya tatu, kando ya bomba la joto,
mama mmoja, skafu ya kijivu, viatu vya mpira,
viganja vimefumbana magotini.
"Na lako, mama?"
"Langu bado."
Watu wakacheka, wakidhani kapangwa.
"Limebaki lako tu."
"Nimesikia. Langu bado."

Austėja ana neno kwa kila jambo.
Mlevi akipanda jukwaani, analo. Simu ikilia, analo.
Kwa hili hakuwa nalo. Nilimwona akilitafuta
kama mtu apapasaye swichi gizani, nyumba si yake.
Akaketi chini, palepale, kati ya masanduku.

Tukangoja.
Basi la saa nne likapita; tulilisikia likipunguza mwendo,
likakosa mtu, likaenda zake.
Kidole changu kikaanza kufa ganzi.

Mzee wa safu ya nyuma, Gintautas, fundi wa saa,
akainuka. Nikadhani anafuata koti.
Akaenda kikapuni, akachagua yai
(lake au la mwingine, mayai hayana majina),
akaja akaliweka mapajani mwa yule mama.
"Basi nishikie na langu."
Akafuata mwanamke mwenye magongo.
Wakafuata watoto wawili, wakisukumana.
Sketi ikawa kiota.
Yule mama hakulia wala hakushukuru,
alisogeza tu magoti, kutafuta nafasi.

Hakuna aliyepiga makofi. Wangempigia nani?
Akaondoka na mayai yote katika kikapu chetu,
na dereva wa teksi akaambiwa: taratibu, tafadhali.

Ijumaa iliyofuata kikapu kilikuwa mlangoni,
ndani yake keki ya matawi, ile ya harusi,
inayozungushwa motoni ikimwagiwa rojo kidogo kidogo.
Hula mayai arobaini, keki hiyo.
Hapakuwa na barua.

Austėja akataka tumweke mchezoni,
mtu wetu akae safu ya tatu aseme "Langu bado."
Tulijaribu mara mbili. Maneno yalikuwa yaleyale,
lakini kila mtu alitazama saa.

Mimi nilikula keki na fundi wa umeme
nikijiuliza kama lake nalo limo.
Siku hizi nanunua arobaini na moja.
Hilo moja hukaa mfukoni mwa koti langu,
nami huligusa kwanza kabla ya kuzima taa.
Ukikutana nami njiani,
usinikumbatie ghafla.